Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuuliza Bastola Imekwama Wapi

Ijumaa tarehe 31 ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Mkuu wa Silaha wa kikosi chetu atatia sahihi daftari la kutoka kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, karibu yote katika karakana moja, mbele ya meza moja, juu ya kiti ambacho ameshakibadilisha mto mara tano. Kwenye faili ana namba na cheo. Sisi tunamwita Bi Kwanza Toa.

Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Ukiingia karakana na bastola iliyokwama, kabla hata hujasalimia, utasikia: “Kwanza toa.” Maana yake utoe magazini, kile kisanduku chembamba kinachobeba risasi ndani ya mpini, kisha uvute sehemu ya juu nyuma, uangalie chemba, tundu ambamo risasi hukaa ikingoja kufyatuliwa, kwa jicho na uipapase kwa kidole mpaka uridhike kwamba ni tupu. Ukishamaliza, ndipo anapokuuliza umeamkaje na watoto hawajambo. Neno limemkaa mdomoni kiasi kwamba siku moja fundi bomba aliyekuja kurekebisha sinki alisimamishwa mlangoni na boksi lake la spana, akaambiwa “kwanza toa”. Naye, maskini, akavua kofia.

Hakuja hapa kama fundi. Alikuja kama karani wa masjala, binti mwembamba wa miaka ishirini na mitano. Fundi wa silaha wa wakati ule, mzee mkali ambaye sasa ni marehemu, alipita kuwasilisha fomu akamkuta ameifungua stepla ya ofisi na kupanga vipande vyake juu ya bahasha. Bila kuinua kichwa alimwambia mzee asubiri kidogo, springi haisukumi sawasawa na pini inafika ikiwa imeinamisha pua. Mzee hakuwasilisha fomu ile. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kikosi. “Nipeni yule binti wa masjala,” alisema, “mnampotezea muda.” Akamfundisha miaka tisa.

Alichojifunza na kukifundisha kinasemeka kwa urahisi, ingawa kukitenda ni kazi. Ndani ya kufumba na kufumbua, bastola inasukuma risasi juu, inaiingiza kwenye chemba, inaifyatua, inalivuta ganda tupu nje, inalitupa na kuchukua risasi nyingine. Ikisimama katikati, kwa mtu anayetokwa na jasho uwanjani yote ni kukwama tu. Kwake si hivyo. Swali lake ni moja: “Imekwama ikiingia au ikitoka?” Kama risasi mpya imesimama mdomoni pa chemba pua juu, anaanza na magazini: springi iliyochoka, midomo ya juu inayoshika risasi ikiwa imepinda, mchanga, au mtu hakuipachika mpaka mwisho. Kama ni ganda tupu limegoma kutoka, anatazama kindoano kidogo cha chuma kinachoshika kitako cha ganda na kulivuta, halafu anatazama uchafu wa chemba. Mkono wa mpigaji anaukagua mwisho. Anakubali kwamba mkono uliolegea unaweza kuinyima bastola nguvu ya kurudi nyuma. Lakini anasema watu wote huanza na mkono kwa sababu mkono hauhitaji bisibisi.

Hapa naomba radhi kwa wahariri wa jarida letu, kwa sababu nitajiingiza mwenyewe. Mambo aliyoyafanya mama huyu ni mengi, ila lililo kubwa kuliko yote nililiona kwa macho yangu.

Miaka kumi na minane iliyopita nilikuwa askari mwanafunzi, na nilikuwa nimeanguka mtihani wa shabaha mara mbili. Sheria ilikuwa wazi: ukianguka mara ya tatu, unafunga begi unarudi kwenu. Asubuhi ya mara ya tatu bastola yangu ilikwama mara nne. Ya kwanza na ya pili risasi ilikataa kuingia. Ya tatu na ya nne ganda lilikataa kutoka. Mwalimu wa shabaha, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu mwenye haraka, aliandika neno moja kwenye karatasi yangu: “Legelege.” Akaniambia nipeleke silaha karakana nikajiandae kwa safari.

Nilifika karakana nikiwa nalia, na nilikuwa nikijaribu sana kutolia. Bi Kwanza Toa alinitazama, kisha akaitazama bastola. Kwanza nilitoa. Alinipa kiti, akanipa kikombe cha chai, akaniambia nikinywee mbali na meza yake. Akaniuliza swali lile lile: ikiingia au ikitoka? Nikasema zote mbili. Mikono yake ikasimama.

“Sema tena, mwanangu. Polepole.”

Nikamweleza moja baada ya nyingine. Aliichukua magazini, akaipitishia risasi za mazoezi zisizo na baruti, akaiinua kwenye dirisha. Mdomo wa kushoto ulikuwa umepinda, labda iliangushwa kwenye sakafu ya saruji. Nilidhani tumemaliza. Nilitaka kukimbia nayo kwa mwalimu. Alinizuia kwa kutikisa kichwa tu.

“Hii inaeleza mbili za mwanzo,” alisema. “Magazini mbovu haiachi ganda tupu ndani ya chemba. Bado tuna mbili.”

Akaifungua bastola, akakitoa kile kindoano, akakisafisha kwa brashi, akakiweka chini ya lenzi. Pembe yake ilikuwa imemeguka, kipande kidogo kuliko chembe ya chumvi. Kikishika kitako cha ganda kinateleza. Alinipisha nitazame na mimi. Kisha akafungua sanduku la kadi atafute ni nani aliikagua bastola ile mara ya mwisho na kuipitisha. Alipoipata kadi aliigeuza nami niisome. Ilikaguliwa siku kumi na mbili kabla. Sahihi ilikuwa yake.

Kwa wasiojua, mwezi ule jina lake lilikuwa limeshapelekwa juu apandishwe kuwa Fundi Mkuu wa Silaha wa kikosi. Kilichobaki kilikuwa barua. Hakuna mtu aliyekuwa amenisikiliza ila yeye, na hakuna mtu mwingine ambaye angefungua sanduku lile. Angeweza kubadilisha kindoano, kunyoosha mdomo wa magazini na kunirudishia bastola nzima, mimi nikaondoka na neno langu moja.

Alivua aproni, akachukua kadi, lenzi, magazini na kile kindoano ndani ya kopo la dawa, akanishika mkono mpaka mbele ya kamati ya mafunzo. Aliwaeleza kama anavyotueleza sisi, bila pambo. Mkuu wa mafunzo, ambaye alimheshimu sana, alitafuta njia ya kumsaidia. Akasema wanaweza kuandika kwamba ni hitilafu ya kawaida ya kifaa, na jambo likaishia hapo.

“Hapana, mkuu,” alisema. “Mkiandika hivyo, kesho mtu atauliza kama hitilafu ilitoka kwenye bastola au kwenye mkono wa huyu binti. Andikeni kwamba fundi aliipitisha silaha yenye kasoro. Sahihi ni yangu.”

Wakaandika. Nilipewa bastola nyingine siku ya pili, nikapita kwa alama mbili zaidi ya zile zilizotakiwa. Yeye alipewa barua ya onyo, na cheo kile kikamsubirisha miaka sita. Katika faili langu hakuna mstari hata mmoja unaosema mkono wangu ni legelege. Katika faili lake upo ukurasa mzima.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa tayari nimehamia karakana kuwa msaidizi wake, binti yake ambaye ni muuguzi aliniambia jambo ambalo mama mwenyewe hakulitamka mbele ya kamati. Siku ile alipoipitisha bastola, alikuwa ametoka hospitali mchana huo huo kumlaza mumewe aliyepigwa na kiharusi. Alirudi kazini kwa sababu silaha kumi na moja zilikuwa zinangoja. Nilipomuuliza mama kwa nini hakusema, aliendelea kupangusa springi. “Kindoano hakikujua kama mume wangu anaumwa,” alisema.

Hakukaa tu na huzuni ile. Tangu mwaka ule kila magazini katika ghala letu ina namba yake na kadi yake, na iliyoangushwa hairudi mkandani mpaka ipite kwake. Kila silaha inakaguliwa na watu wawili na kusainiwa na wawili. Iliyokwama huletwa pamoja na magazini yake, risasi zilizobaki na maganda yake, kwa sababu, kama anavyosema, mgonjwa asiletwe bila ndugu zake. Mwalimu wa shabaha yule yule, kabla hajahama, alikuwa akija kila Jumatatu na daftari kujifunza kutofautisha kuingia na kutoka. Walikuwa wakicheka pamoja kama watu waliosoma darasa moja. Askari waliopita karakana kwake ni zaidi ya mia tisa. Wengi wameshasahau namba za bastola zao. Sijakutana na aliyemsahau yeye.

Tusiseme hana kasoro. Redio yake haijawahi kushika stesheni moja bila kukoroma, na yeye anayesikia springi iliyochoka kwa sikio tupu anasema haisikii. Chai yake ina sukari ya kutosha watu watatu. Na mwaka jana, alipoona ncha za vidole hazimwambii ukweli kama zamani, hakungoja kuambiwa. Alinipisha kwenye kiti, akakaa pembeni, akawa anatia sahihi ya pili.

Anakwenda nyumbani kwa mume anayetembea kwa fimbo na kumlalamikia kwamba miaka hii yote chuma kimekuwa kikimwona kuliko yeye. Anakwenda kwa wajukuu wanne, na kwa bustani ya mchicha ambayo, kwa taarifa tulizonazo, inastawi vizuri zaidi asipoikaribia.

Kwa niaba ya kikosi kizima, kuanzia mkuu hadi wapishi, tunakushukuru kwa kila silaha uliyoipitisha na kwa ile moja uliyoikiri.

Nami nina langu. Kwa miaka kumi na minane nimekuambia ahsante kwa brashi, kwa chai, kwa ruhusa ya kuondoka mapema. Kwa siku ile sikuwahi, kwa sababu kila nilipoanza ulinipa kitu nishike. Leo huwezi kunizuia, limeshachapwa. Ahsante, mama. Nenda ukalale mpaka jua liingie chumbani, ule ukiwa umeketi, umtazame mzee wako usoni kwa muda wote unaotaka. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi, na ziwe zako mwenyewe.