Babu Aliyepunguzwa

Fundi Saa alikuwa ameshapuliza kahawa yake, anataka kunywa, simu ilipolia. Benchi lililo nje ya kibanda chake cha kutengenezea saa lilikuwa na wenyewe: Kinyozi wa mlango wa pili, na Kasuku, aliyewahi kuwa mpishi kwenye meli ya Wahispania. Ulioingia ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mjukuu wa Fundi, aliyezaliwa ng'ambo kwa baba Mhispania. Simu za mtoto huyo alikuwa akizipokea mkewe, na tangu azikwe, Fundi hakuwa amezungumza naye. Neno la kwanza likatoka: "Abuelito." Fundi akaukata ujumbe.

— Kasuku, nini hiyo?

— Abuelo ni babu. Ukitia "ito" mwishoni, kitu kinapungua. Casa, nyumba. Casita, kijumba.

— Kwa hiyo mimi kizee.

— Sijasema mimi. Ndivyo lugha yao ilivyo.

Kinyozi akakitua kikombe.

— Mzee mwenzangu, haba na haba hujaza kibaba. Sasa wewe wanakuchota haba na haba. Leo "ito". Kesho je?

— Kuna "ucha", Kasuku akasema taratibu. Casucha, kibanda kibovu.

— Umesikia? Mwezi ujao binti yako na mumewe wanakuja kuzuru kaburi, watapima na nyumba. Wakiondoka, wewe umo kwenye casucha.

— Ipo pia "azo". Portazo, kishindo cha mlango.

— Basi ubamize wewe kwanza.

Fundi hakucheka. Aliandika ujumbe kwa binti yake: *Msije.* Kidole kikabaki juu ya kitufe cha kutuma.

— Tuma, Kinyozi akasema. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mama mmoja aliyeleta saa ya ukutani alikuwa amesimama hapo muda wote, saa kaikumbatia kifuani.

— Samahani, kaka zangu. Baada ya neno hilo, mtoto alisema nini?

Kasuku akamtazama Kinyozi. Kinyozi akachungulia kikombe chake. Hakikuwa na kitu. Fundi akaitia simu mfukoni, ujumbe haujatumwa.

Asubuhi yake, kabla ya kufungua kibanda, alikaa kwenye kiti cha mkewe akausikiliza ule wa mtoto hadi mwisho. "Abuelito," sauti ilisema, kisha kwa Kiswahili cha kujikongoja ikauliza lile ambalo bibi yake alikuwa akimuuliza kila simu ilipoanza: "Umekula?"

Fundi akafuta *Msije*. Akabonyeza pa kurekodia, akasafisha koo.

— Bado, kajukuu kangu. Njooni tule.