Mkono wa Théodore

Benchi la Mselem liko Joubert Park, hapa Johannesburg, pale kwenye kona, kati ya kibanda cha kinyozi na meza yangu ya kutengeneza simu. Mselem ni mtu wa Tanga. Kahawa yake ni chungu, ina tangawizi, na baridi ya Julai ikishika hata wasioipenda huja ili tu washike kikombe. Mwaka ule, 2011, tulikuwa na timu ya besiboli. Usicheke. Iliitwa Maziwa Makuu: walinzi, mafundi na wachuuzi, Warundi na Wakongo, na Mkenya mmoja, mimi, niliyekuwa nikichuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira. Msimu wa kiangazi ulikwisha tukiwa tumeshinda mechi moja tu, na hiyo ni kwa sababu basi dogo la wenzetu liliharibika njiani. Watu wa ligi wakatuambia wazi: mkicheza hivi tena, uwanja wa Jumapili tunawapa wengine. Basi Jumamosi moja alasiri kocha wetu Astère, Mrundi mpole anayelinda duka la magodoro, akaja kijiweni kuamua nani abaki na nani atoke.

— Égide atoke, alisema Marcellin. Huyu ndiye kinyozi, mtu wa Bukavu, na tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. — Amenenepa. Akianza kukimbia, mpira unafika kabla yake, unamsubiri, unachoka kusubiri.

— Égide atoke, alikubali Astère. Mwenyewe ameniomba. Na Gustave anahamia Cape Town.

— Basi mambo yameisha! Mselem, nimiminie.

— Hayajaisha, alisema Astère. Kuna mrushaji.

Kwenye besiboli mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu. Anasimama katikati na kurusha mpira, na mpigaji wa upande wa pili anajaribu kuuchapa kwa fimbo. Mrushaji akiwa dhaifu, ninyi wengine mnageuka watu wa kukimbiza mipira. Na mrushaji wetu alikuwa Théodore, ambaye bila yeye tusingekuwa na timu. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye klabu moja huko Midrand, akawa anatazama wazee wa Kizungu wakicheza, akawaokotea mipira, mwisho wakamfundisha. Siku moja akaja hapa bustanini na gunia la glovu kuukuu. Sote alitufundisha yeye, Astère akiwa wa kwanza.

— Jungu kuu halikosi ukoko, alisema Firmin, fundi cherehani wa Lubumbashi. Tunamwita Meta, maana futi ya kupimia haimtoki shingoni.

— Ukoko ndio ule unaogandia chini, Meta, alisema Redio. Unamtetea au unamtukana?

— Mi namtetea! Anarusha polepole, sawa. Haraka haraka haina baraka.

— Kwenye besiboli haraka ndiyo baraka yenyewe, bwana!

Astère akanigeukia.

— Wewe ndiye unayedaka mipira yake. Sema kweli.

Sikutaka kusema. Nilijifanya natafuta bisibisi.

— Zamani, nilisema, tukimaliza mechi kiganja changu kilikuwa kinavimba. Msimu huu hakikuuma hata mara moja.

Mselem alizungusha vikombe.

— Basi tutafute mwingine, alisema Redio. Mimi nimeshamwona. Yule jamaa anayeuza magazeti pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani. Taa inawaka kijani, gari limeshaondoka, na bado gazeti linaingia dirishani. Linaingia, nakwambia!

— Gazeti si mpira.

— Mkono ni mkono.

— Nilimwuliza, alisema Astère. Jumapili ndiyo siku yake kubwa ya mauzo.

Meta akainuka nusu.

— Kwetu batu banapiga ndege na manati. Ndege anaruka, wanamwangusha. Mchukue mmoja wa hao!

— Mchezo unakataza manati, Meta.

— Umesoma wapi kama inakataza?

— Basi mafundi wa ujenzi, alidakia Redio. Kuna Mmalawi anarusha matofali mpaka ghorofa ya pili. Mwenzake anayapokea moja moja, kama mikate.

— Anarusha juu, alisema Astère. Sisi tunataka mbele.

— Mgeuze! Mlaze chini arushe!

Hata Astère alicheka, lakini kidogo. Redio alipoona hivyo akaongeza mafuta.

— Sikieni. Kuna daktari Mkuba. Anakuja kunyoa kwangu. Mkuba na besiboli ni kama Mkongo na rumba, anazaliwa nayo. Huyo akirusha, ligi nzima inahama. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Na daktari ni daktari, tutapona kweli.

— Umemwuliza?

— Nimemwuliza.

— Akasemaje?

Redio alikoroga kahawa isiyo na sukari.

— Anacheza drafti.

— Eish, alisema Mselem, ambaye kwa kawaida hasemi. Ninyi watu mnamtoa mzee wa watu kwa ajili ya nani hasa?

Kabla hajajibiwa, tulimwona Théodore akivuka barabara. Alikuwa amevaa koti la kazi, anakwenda Park Station kupanda taksi ya Midrand kwa zamu ya jioni. Mkono wa kulia alikuwa ameuingiza ndani ya koti kwa ajili ya baridi, au tulidhani ni baridi.

— Amahoro, alitusalimia. Mbona mmekaa kama msibani? Mazoezi yanaanza lini?

Redio akazima. Meta alianza kupima goti lake mwenyewe kwa futi. Astère alisimama, na mimi namheshimu mpaka leo kwa kusimama kwake.

— Kaka Théo, alisema. Nilitaka nikufuate nyumbani, nikaogopa. Nafikiria kumweka mtu mwingine arushe. Wewe ukae nami, tufundishe pamoja.

Théodore alimtazama, akatutazama na sisi mmoja mmoja. Aliponifikia mimi niliangalia chini. Hakukasirika. Kidevu chake tu kilikakamaa, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

— Mlikuwa mnazungumza hilo.

— Ndiyo.

— Mna haki. Bega limekwisha. Mke wangu Jeanne ndiye anayenivalisha shati asubuhi. Nilifikiri mapumziko haya yatanisaidia, lakini baridi imezidisha. Sawa. Mimi natoka. Anaingia nani?

Tulisikia taksi zikipiga honi kule stesheni.

— Nauliza tu, alisema Théodore. Anaingia nani?

Astère aliangalia barabara, kana kwamba mtu angetokea pale akiwa na glovu mkononi.

— Sijui, alisema.

— Hujui.

— Sijui, kaka. Tumetafuta. Hakuna.

Théodore alichukua kikombe changu, akanywa kilichobaki, akakirudisha.

— Basi nitarusha mpaka umpate. Na siku ukimpata, usiogope. Mlete mwenyewe nyumbani, nimwoneshe namna ya kushika mpira. Nisije nikasikia kwa Redio.

Akaondoka kuelekea stesheni, bila kugeuka. Astère aliendelea kusimama hadi Théodore alipopotea kwenye watu.

— Tungemwambia tangu mwezi wa nne, msimu ulipokwisha, alisema. Tungempumzisha. Ningemwuliza tu kuhusu hilo bega.

Mselem alianza kukusanya vikombe.

Mwezi wa tisa, msimu mpya ulipoanza, Théodore alirusha akiwa amefunga bega kwa kitambaa cha Jeanne. Kwa kuwa hakuweza tena kurusha kwa nguvu, alirusha kwa ujanja: mmoja wa chini, mmoja wa pembeni, mmoja wa polepole kabisa, hadi wapigaji wanachapa hewa na kukasirika. Kila Jumatatu Astère alizunguka kuulizia vijana, mpaka Yeoville, mpaka Rosettenville. Hadi Krismasi alikuwa hajampata mtu, na sisi tulikuwa tumeshinda mechi mbili.