Bi Kheiria binti Hilal, Mwalimu Aliyekataa Kula Nao

Kina mama mliotoka karibu na mbali kuja kutushika mkono, asalaam aleikum. Wasifu huu wa mpenzi wetu, Bi Kheiria binti Hilal, unasomwa siku ya tatu ya msiba wake, nyumbani kwake hapa Sib, Maskati, na nakala yake wamepewa wanaume walioko nje. Anayesoma ni Noof, mtoto wa kaka yake, aliyelelewa na marehemu tangu akiwa na miaka miwili.

Kabla sijaanza niseme jambo moja. Jana alinipigia simu bibi mmoja mkubwa wa ukoo wetu, akaniomba nifute baadhi ya maneno. Aliniambia, "Noof mwanangu, maiti hasemwi vibaya." Nikamwambia, "Bibi, sijamsema vibaya maiti. Nnawasema walio hai." Sikufuta hata neno.

Marehemu alizaliwa Bububu, Unguja, tarehe 9 Machi 1950, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Hilal na Bi Zuwena, wote wawili wenye asili ya Omani. Kaka yake, Suud, ndiye baba yangu. Mzee Hilal alikuwa na shamba la minazi na duka dogo la vitambaa. Januari 1964, siku ya pili ya mapinduzi, alitoka kwenda kufunga duka na hakurudi. Marehemu alikuwa na miaka kumi na tatu. Aliwahi kutwambia kwamba mama yake aliendelea kumuwekea mzee chakula chake kwa muda mrefu, mpaka siku moja akaacha, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Alisoma chuo cha Kurani na skuli ya msingi hapo hapo Bububu. Mwaka 1965 alivuka na mama yake kwenda Dar es Salaam, Suud akabaki Unguja kuilinda nyumba. Mwaka 1968 alipata nafasi ya masomo Cairo, akachagua historia ya kale. Wenzake walimcheka. Walitaka afanye udaktari, au angalau Kiingereza. Yeye alivutiwa na habari za Mayahudi waliochukuliwa mateka Babeli, wakakaa huko mpaka wakazaa na kuzika, kisha mfalme wa Uajemi akawaruhusu kurudi kwao. Alisema, "Nilisoma zile habari nikamuona mama yangu ndani yake." Watu wamezaliwa ugenini, mji wao wanaujua kwa masimulizi tu, halafu siku moja wanaambiwa haya, rudini, kajengeni.

Naye alirudi. Ilikuwa Novemba 1973, Sultani alipowaita Waomani walioko nje waje wajenge nchi. Alifika Maskati na mama yake na sanduku moja la vitabu. Alikuwa akisimulia kwamba walipotua, vijana walishangilia na kupiga makofi, na mzee mmoja kiti cha mbele akalia kwa sauti kubwa kama mtoto. Mzee yule aliondoka Omani mdogo, akakumbuka visima na mitende, na sasa dirishani anaona majabali matupu. Marehemu alisema alishindwa kupambanua kelele ya furaha na ya kilio. Ndivyo ilivyokuwa, alisema, hata siku Mayahudi walipoweka msingi wa nyumba yao ya ibada: vijana wakipiga kelele za furaha, na wazee walioikumbuka nyumba ya mwanzo wakilia.

Alianza kusomesha mwezi uliofuata, skuli ya wasichana hapa Sib, madarasa mawili ya kuta na mengine ya mahema. Maji yalikuja kwa gari. Kiarabu chake kilikuwa cha Cairo, na wenyeji wengine walituita sisi sote "Zinjibari" kwa mdomo uliopinda, kwa kuwa tulikuwa tukisema Kiswahili madukani. Hakujali. Asubuhi alisomesha watoto, jioni akawasomesha mama zao kusoma na kuandika. Wengi wenu mliokaa hapa mlijua kuandika majina yenu kwake.

Mumewe, marehemu Saeed, alikuwa fundi mkuu wa umeme, mzaliwa wa Mombasa. Walijuana mwaka 1975 alipokuja kufunga feni darasani. Mwalimu hakusimamisha somo. Alimwambia, "Panda ngazi, lakini usitie makelele, tumefika kwenye ukuta." Wanafunzi walikuwa wakisikia jinsi waliorudi kutoka Babeli walivyojenga ukuta wa mji wao mkono mmoja ukijenga na mwingine umeshika silaha. Saeed alimaliza feni, akabaki juu ya ngazi mpaka kengele ikalia. Walioana Mei 1976 na kujaaliwa watoto wawili, Fahd na Shatha. Saeed alifariki mwaka 2009. Hakuwahi kumwambia mkewe "nyamaza", na katika ukoo wetu hilo peke yake linatosha kumtia mtu peponi, inshallah.

Sasa nafika pale nilipoombwa nifute.

Baba yangu, Suud, alikuja Maskati mwaka 1977 pamoja na mkewe, mama yangu Masouda. Mama alikuwa Mpemba wa Micheweni, binti wa mchuma karafuu. Hakuwa na mti wa nasaba wa kuutundika ukutani. Nilizaliwa hapa Sib mwaka 1979. Wakati ule wakubwa wa ukoo walikuwa ndio kwanza wamejenga sabla, ukumbi wa mikutano ya jamaa, na kila aliyerudi alihitaji kutambuliwa nao ili asimame mahali. Wale wale waliokuwa wakiitwa "Zinjibari" kwa dharau walikaa kwenye mazulia mapya wakaanza kupekuana: nani safi, nani si safi.

Machi 1981 waliitisha mkutano. Wanawake tulikuwa chumba cha ndani, mlango wazi. Mimi nilikuwa mapajani mwa shangazi, na haya nimeyasikia kwake na kwa mama mara nyingi. Wanaume walikula kwanza. Biriani ilipikwa na mama yangu, kwani alikuwa akipika vizuri kuwashinda wote, na hilo hawakulionea kinyaa. Walipomaliza, mkubwa wa ukoo akasema, "Jamaa, tumerudi kwetu. Tunataka tusimame safi. Kila aliyekuja na mke asiyejulikana asili yake, ampe njia arudi kwao, yeye na alichokizaa."

Wakatajwa wanaume wanne. Baba yangu alikuwa wa tatu. Alijibu, "Nimesikia."

Shangazi alinikabidhi kwa jirani yake, akaingia sabla ya wanaume bila kubisha.

"Suud, umesikia nini?"

"Kheiria, toka. Hii baraza ya wanaume."

"Nnakuuliza umesikia nini. Mkeo yupo jikoni anakosha masinia yenu. Vidole vyenu bado vina samli yake!"

Mkubwa wa ukoo akamwambia kwa upole, ule upole wa mtu aliyeshiba, "Mwanangu, wewe msomi. Unajua hata watu wa kale waliporudi kwao walifanya hivi hivi. Waliwaacha wake wa kigeni ili wajitakase."

 Shangazi alikuwa amewasomesha binti zao habari hizo. Habari za watu waliokusanywa uwanjani kwenye mvua ya baridi, wakitetemeka, wakaambiwa wawaache wake zao na watoto, wakaitikia kwa sauti moja. Kila mwaka alipofika hapo aliweka chaki chini na kuuliza, "Watoto wale walikwenda wapi? Nani aliwapa maji njiani?" Na sasa mtu amelichukua somo lake, akalifanya kisu.

Alitoka akatapika mlangoni, kwenye viatu vyao. Hakuomba radhi, wala hakufuta. Alikwenda jikoni, akamshika mama mkono uliojaa povu la sabuni, akasema, "Vaa buibui, Masouda. Twende kwangu." Baba yangu alimpa talaka wiki ile ile, na kabla mwaka haujaisha akaoa binti wa ami yake.

Mama aliishi nyumbani humu mpaka alipofariki mwaka 2004. Saeed alisimamia karatasi zake zote za kukaa nchini. Na tangu siku ile shangazi hakula tena chakula cha sabla, si cha harusi, si cha Idi, si cha msiba. Alikwenda kuwapa pole wafiwa, akakaa, akaondoka na njaa yake. Alipoulizwa alisema, "Hakinipiti kooni." Mlimwita mkaidi. Mlimwita mwenye majivuno ya Cairo. Haikuwa ukaidi. Ilikuwa ni kinyaa, kinyaa cha kweli, kama cha mtu aliyekuta nzi kwenye maziwa.

Alisomesha mpaka 1994, kisha akawa mkaguzi wa masomo ya historia, ofisi yake ikiwa Al Khuwair, mpaka alipostaafu mwaka 2010. Mwanafunzi mmoja aliwahi kusema darasani, "Mwalimu, Mayahudi hao ndio tabia yao." Akamwambia, "Kaa chini. Nnakusomesha habari za watu waliorudi kwao. Babako katokea wapi?" Msichana akajibu, "Unguja." "Basi nnakusema wewe. Nnajisema na mimi. Hao wametangulia tu kukosea, ndiyo maana wamo vitabuni."

Mwaka 2016 baba yangu, akiwa mgonjwa, alikuja hapa. Miaka yote hiyo alikuwa akinipita sokoni Sib na kugeuza uso kwenye meza za samaki. Shangazi alimkaribisha, nikaleta kahawa. Baba akasema, "Kheiria, yale yashapita."

"Hayajapita, Suud. Yamesimama hapo, yanakumiminia kahawa."

Alikunywa kikombe, akakitikisa kuonyesha imemtosha, akaenda zake. Alifariki mwaka uliofuata. Hakuniita mwanangu. Nasema haya bila machozi, na nikiri, bila heshima nyingi.

Desemba 2023 ukoo ulifanya sherehe ya miaka hamsini ya kurudi, katika ukumbi wa harusi. Walimuomba shangazi ahutubie, kwa kuwa sasa alikuwa na jina na picha yake ingependeza. Sote tulidhani atakataa. Alikubali. Alisimama na mkongojo wake, akaeleza habari za Babeli, za mfalme wa Uajemi, za malango yaliyoungua na ukuta uliosimama tena. Walipiga makofi. Wengine walijipiga picha. Kisha akasema, "Na mji ulipopata ukuta, wakageuka wakaanza kutupa watu wao nje ya ukuta. Na sisi tulifanya hayo, Machi 1981. Noof, simama."

Nilisimama. Mtu akazima kipaza sauti. Shangazi hakukitazama. Alikuwa amesomesha kwenye mahema yenye upepo, sauti alikuwa nayo. Aliwataja wanawake wanne mmoja mmoja, majina yao na ya baba zao, wa kwanza mama yangu. Alipotaja wa nne, mwanamke mmoja akasimama meza za nyuma. Alikuwa Nasriya wa Qurayyat, tuliyekuwa tukimjua kama jamaa wa mbali wa mtu fulani. Akasema, "Huyo ni mama yangu. Nililelewa na watu baki. Sijapata kulisikia jina lake mbele za watu."

Vijiko vikaendelea kugonga sahani. Ndiyo, wapo walioendelea kula. Nimewaona, na leo nimewaona tena.

Shangazi alimfuata Nasriya mpaka mezani kwake, akamkumbatia, tukaondoka sote watatu.

Figo zake zilianza kushindwa kazi Machi 2024. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akalalamikia chai ya hospitali kuliko sindano. Aliyemuuguza nyumbani ni Fatumah, dada yetu aliyetoka Uganda kuja kufanya kazi humu, aliyekuwa akimuita "Mama Mwalimu". Wakubwa wa sabla walituma udi na matunda. Aliagiza udi upewe majirani, na madirisha yafunguliwe. Siku chache kabla ya kufa nilimuuliza kama anawasamehe. Alifikiri sana, kisha akasema, "Mimi hawakunifukuza. Siwezi kuitoa samahani ya Masouda, si yangu. Wewe ukitaka kutoa yako, toa. Usifanye haraka kwa ajili ya kifo changu."

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, akazikwa Sib siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri. Walimuosha Shatha, Nasriya, Fatumah na mimi. Waliokuja mlangoni kusema kwamba mtumishi hastahili kumuosha bibi wa ukoo waliombwa waondoke.

Sijafanya haraka.

Marehemu aliagiza kwamba watakaotajwa hapa watajwe kwa mama zao. Ameacha mtoto wa kiume, Fahd, na wa kike, Shatha, mama yao ni yeye mwenyewe, Kheiria binti Zuwena. Ameacha wajukuu watano. Ameacha Fatumah, binti wa Aisha, wa Masaka. Ameacha Nasriya, binti wa Mwanakhamis, wa Makunduchi. Na ameniacha mimi, Noof, binti wa Masouda, wa Micheweni.

Ya Rabbi, mpokee mwalimu wetu, umpe makazi yenye utulivu, na umkutanishe na wifi yake.