Wakili Jerono na Kesi ya Kuteka Maji

Mgeni rasmi, Wakili Munene, uliyetoka jana afisi yenu ya mawakili Nairobi ukalala Kitale ili utufikie mapema. Wachungaji, wazee, majirani na watoto wa shule mliosimama juani: sisi akina mama wa chemchemi ya Naitiri tunawasalimu. Anayesoma ni mimi, Dinah Mukhwana, lakini maneno tuliyaandika pamoja.

KARIBU

Umekuja kutufungulia chumba cha ushauri wa sheria. Ni kidogo na bado kinanuka rangi, lakini ni chetu. Ungekuja mwaka wa tisini, ungetupata rumande.

TULIKOTOKA

Mwaka huo tajiri mmoja alinunua shamba lililo juu yetu, akazungusha seng'enge mpaka kwenye chemchemi ambako mama zetu walituogesha. Tukashuka na ndoo na majembe kufungua njia. Askari wakaja wakasema huo ni mkutano usio na leseni. Tukafikishwa kortini Bungoma, pamoja na Mama Nasambu, aliyetuzidi sote umri, mwenye kifua kibovu.

Waume zetu walizunguka mji wakitafuta wakili. Kila wakili aliyesikia neno mkutano aliogopa serikali, akasema ana safari. Wakaenda hadi Kitale kwa Bwana Kartar, wakili wa miaka mingi, naye akawaambia kwa upole kwamba afisi yake ni ya mashamba na hati, haigusi mambo kama hayo.

Katika chumba cha pili alikaa Jerono, binti wa Mzee Kibiwott wa huko miteremko ya Elgon, aliyekuwa ameapishwa kuwa wakili mwaka uliotangulia. Kazi yake ilikuwa kuandika mikataba ya mauzo. Alisikia yote. Alituambia baadaye kwamba alijaribu kuendelea, akajikuta ameandika jina la mnunuzi mahali pa muuzaji. Akaweka kalamu chini, akawafuata wanaume kwenye ngazi, kisha akarudi kumwomba ruhusa mwajiri wake.

"Binti yangu," akasema Bwana Kartar, "ukienda, nenda kwa jina lako. Wateja wangu wana macho."

Akaenda kwa jina lake.

Hatutaficha: siku ya kwanza sauti ilimkauka. Hakimu alimwomba arudie, akarudia. Sisi kizimbani tukatazamana, tukaona tumekwisha. Lakini alituombea dhamana na tukaipata. Mama Nasambu alitoka akikohoa. Hakufika siku ya kusikizwa kwa kesi. Tulimzika akiwa bado ni mshtakiwa, na Wakili Jerono alisimama kaburini muda mrefu.

Kesi iliposikizwa, sauti ilikuwepo. Alimuuliza askari tulikuwa tumeshika nini.

"Ndoo na jembe."

"Ulisikia mtu akihutubia?"

"Hapana."

"Walikuwa wanafanya nini basi?"

"Si walikuwa wanataka kuteka maji."

"Na kuteka maji kunahitaji leseni?"

Askari akamwangalia kiongozi wa mashtaka, naye kiongozi wa mashtaka akaangalia faili yake.

YALIYOFANYIKA

Tuliachiliwa. Kabla hakimu hajainuka, Wakili Jerono aliomba jambo moja. Alisema anajua kesi ya marehemu huisha na marehemu, lakini familia ya Mama Nasambu iko kortini, na ingependa kusikia kwamba mama yao hakufa mhalifu. Hakimu akavua miwani. Akasema kwamba ushahidi uliowaachilia wenzake ungemwachilia naye, akaamuru iandikwe. Binti za Mama Nasambu walilia kortini na hakuna aliyewatoa nje.

Baada ya hapo wateja wa Bwana Kartar walianza kupungua, na mwezi ulipokwisha Jerono hakuwa na meza tena katika afisi ile. Babake alikuja Kitale kumuuliza kwa nini ameacha kazi safi. Akamweleza habari za Mama Nasambu. Mzee alirudi nyumbani. Wiki iliyofuata akamtumia gunia la mahindi. Mama Savitri, mwenye duka la vitambaa, akampa stoo ya nyuma iwe afisi, nasi tukawa tunapita katikati ya marobota ya vitambaa kwenda kueleza shida zetu. Hapo ndipo alipofungua kesi ya pili, ile ya njia ya maji. Ilichukua miaka. Leo seng'enge haipo, na chai uliyokunywa asubuhi imetoka chemchemi hiyo.

YANAYOTUSUMBUA

Wakili wetu ni mmoja, huyu Jerono aliyeketi hapa nasi. Wanakuja kwake kutoka Bokoli na Mabanga, na tangu vita vya kikabila wanakuja waliochomewa nyumba. Ametishwa, ingawa hapendi tuseme. Amekonda, na hilo unaliona mwenyewe.

MAOMBI

Tunaomba kiti cha pili katika chumba hiki, na wakili kijana wa kukikalia.

Ombi la mwisho Wakili Jerono hakulisikia tulipomsomea risala hii juzi, kwa sababu ukurasa huu tuliuficha. Tumesikia kwamba afisi yenu ya Nairobi inamtaka. Tunajua huko kuna kesi kubwa na watu wa kumsaidia, na labda angelala usingizi. Tulibishana sana. Wengine walitaka tukuombe usimchukue. Tukaona kwamba aliyetufundisha kuwa mtu hafungiwi njia, hatuwezi kumzungushia seng'enge sisi.

Kwa hiyo tunaomba hivi: msizungumze jambo hilo afisini, kwa Kiingereza, mlango ukiwa umefungwa. Muulize hapa, sasa, kwa lugha tunayoielewa sote, na apewe nafasi ya kujibu akituangalia. Jibu likiwa ni kwenda, tutamwimbia hadi barabarani.

Mungu akulinde safarini, mgeni wetu, na awaguse wote wanaohukumu na wanaotetea.

Ni sisi,
Akina Mama wa Chemchemi, Naitiri, 1994.

Mgeni rasmi, tunaketi. Tunangoja umuulize.