Lyuben Rashev na Mkono Unaofumba

Ndugu, majirani, na ninyi mafundi mnaofanya kazi mkining'inia kwenye kamba, mliokuja na viatu vya kazi: tuliyemleta hapa kwenye theluji ni Lyuben Tsankov Rashev, na anayewasomea ni binti yake, Nevena. Nikikwama, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1958 katika kijiji cha Bozhentsi, karibu na Gabrovo, mtoto wa pekee wa seremala Tsanko na mkewe Gina. Alisoma shule ya kijiji, kisha shule ya ufundi wa mitambo mjini Gabrovo, akamaliza mwaka 1977. Hesabu aliipenda. Kuimba kulimshinda kabisa, ingawa kwenye harusi za watu hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Alipotoka jeshini alipaka rangi kuta na mabomba marefu ya moshi, na kazi hiyo ndiyo iliyompa mke. Kiangazi cha 1983 alikuwa akining'inia kwa kamba nje ya bweni la wauguzi, ghorofa ya nne, akagonga kioo cha dirisha.

“We kaka, mlango uko chini!” alimfokea muuguzi mmoja, Dobrinka, ndiye mama yangu.

“Mlinzi kanifukuza, dada. Nipe maji basi, nikifa nife nimekunywa.”

Alipewa maji. Walifunga ndoa mjini Dryanovo, tarehe 9 Juni 1984, wakajaliwa watoto wawili: kaka yangu Yavor, na mimi.

Kuanzia mwaka 1991 hadi alipostaafu alifanya kazi katika karakana ya kupima vifaa vya kuwakinga watu wasianguke. Fani yake hasa ilikuwa vishika kamba, yaani kile kifaa kidogo cha chuma kinachomfuata fundi kwenye kamba ya akiba na kuiuma pale anapoanguka. Yeye alikiita mbwa. “Mbwa mzuri,” alisema, “anakufuata kimya, hakusumbui, halafu anauma siku moja tu.” Alikifunga kwenye uzito wa chuma wa kilo mia, akauangusha kwa kamba kavu, kwa kamba iliyolowa, kwa kamba iliyoganda barafu, kisha akapima umeteleza kiasi gani kabla ya kusimama. Wenzake walimtania sana: sisi watu wa Gabrovo, tunaojulikana kwa ubahili, hata uzi uliokatika hatuutupi, na huyu analipwa kuvunja vitu vipya!

Tarehe 17 Mei 2011, Yavor alianguka kutoka ghorofa ya nane mjini Pernik, akiwa anabandika ukutani vibao vya kuzuia baridi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Kishika kamba chake kilikutwa kizima, tena cha aina iliyofaulu majaribio yote, hata ya baba. Basi watu wakasema kijana alikuwa mzembe. Wengine wakaongeza kwamba alikuwa amekunywa rakia, pombe yetu kali. Mama aliacha kwenda hata dukani kwa sababu ya maneno hayo.

Baba hakubishana na mtu. Alijifunga kamba ya pili ya kumwokoa, akapanda mnara wa karakana, akajiangusha mwenyewe kwa kifaa kama kile. Hakikuuma. Alipotazama, aliona mkono wake umekifumbata. Mtu anayeanguka hushika chochote kilicho karibu, na kifaa kile kikishikwa hakiwezi kubana kamba. Akapanda tena, akijiapia kwamba safari hii hatakishika. Mkono ukashika. Akapanda tena.

“Lyuben, shuka bwana, utajiua!” alipiga kelele Stamen, msimamizi wake.

“Mimi najua kila kitu, Stamen, na bado nimeshika! Yavor angefanyaje?”

Siku ile alirudi nyumbani na mikanda yake ya kazi bado mwilini, akamkuta mama jikoni.

“Dobrinka, mtoto hakukosea. Hata mimi nimeshika.”

Walilia pamoja, nami nikalia nao. Jumapili mama alikwenda kanisani na sokoni, kichwa juu. Tangu hapo kila kifaa kilichoingia mikononi mwa baba kilijaribiwa pia kikiwa kimefumbatwa, na kilichoshindwa alikikataa, hata aje nani kumwomba. Na kila fundi aliyemfundisha alikaripiwa vilevile: “Ukianguka, achia! Fungua mkono!”

Mwezi Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliuguzwa nyumbani, na mwishoni hospitalini Gabrovo. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, nilikuwa nimemshika kwa mikono yangu yote miwili. Akafumbua macho.

“Fungua mkono, mwanangu.”

“Sitaki, baba.”

Alitabasamu kidogo, akaenda. Muuguzi ndiye aliyenibandua vidole, kimoja baada ya kingine.

Ameacha mjane, Dobrinka. Binti, Nevena, na mkwe, Orlin. Wajukuu wawili, Gina na Yavor mdogo. Na mafundi ambao leo wako hai kwa sababu yake, nao wanajijua. Baada ya hapa, karibuni nyumbani kwa ngano ya kuchemshwa na divai, kumwombea kama ilivyo desturi yetu.

Sasa wenzake watamshusha kando ya mwanawe. Stamen, nanyi nyote mlioshika kamba, mshusheni taratibu. Akishafika chini, achieni, kama alivyowafundisha. Mimi nitajaribu, lakini mkono wangu bado umefumba.

Baba, udongo wa Bozhentsi uwe mwepesi juu yako.