Kanopi ya Baridi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka lisilofunguliwa tena, mguu wake mmoja ukisimama juu ya tofali. Mbele yake Mama Kahawa ameweka jiko na birika, na pembeni imeegeshwa pikapu ya bluu iliyopauka. Pikapu hiyo ni ya Baridi, fundi wa mafriji, mtu mpole ambaye neno "hapana" humkwama kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi hiyo alifika na karatasi mkononi. Wiki iliyopita mvua ilimloweshea mota mbili mpya alizoziacha nyuma ya gari, na siku mbili baadaye mtu asiyejulikana akamwibia humo humo mkoba wa vifaa mchana kweupe. Mke wake, mwalimu asiyerudia somo, akasema imetosha: pikapu ifungwe kanopi, kile kifuniko kigumu cha kufunika bodi la nyuma, tena yenye kufuli. Karakana ikaahidi kumleta mpimaji saa nne. Mke alimsihi jambo moja tu, kwamba aamue kabla hajafika kijiweni. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu, kikombe kilikuwa mkononi, na Baridi alikuwa hajaamua.

— Hebu lete hiyo karatasi, alisema Karani, mzee mstaafu aliyegonga mihuri ofisini miaka thelathini na ambaye hadi leo husoma kila karatasi kuanzia chini. Mbona hakuna sahihi?

— Ni picha tu, mzee wangu. Kanopi ziko tatu. Hii ya kwanza ni ya faiba, ile plastiki ngumu, nyepesi, inalingana kimo na kichwa cha gari. Hii ya alumini ina milango ya ubavuni. Na hii ya chuma ndiyo ndefu.

— Ndefu kama kibanda cha kuku, alisema Mama Kahawa akinyoosha shingo.

— Yenye madirisha mengi ni ipi? aliuliza Karani.

— Ya faiba.

— Chukua hiyo hiyo. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Utaonaje mengi bila madirisha?

— Mzee, nyuma kutakaa mafriji. Friji linataka kuona nini?

Karani akanywa kahawa yake taratibu, kama mtu anayengoja faili liletwe.

Aliyefuata kuishika karatasi alikuwa Refa. Huyu huchezesha mechi za mtaa, na papo hapo ni kocha wa timu mojawapo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumhoji kwa sababu filimbi anayo yeye.

— Tatizo la faiba ni ufupi, alisema Refa. Na kanopi ukiinunua fupi ndiyo basi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Kanopi haikui, Refa.

— Si ndiyo ninachosema? Haikui.

Baridi akacheka, lakini hapo Refa alikuwa amegusa penyewe. Usiku mbili alikuwa akigeukageuka kitandani kwa sababu ya jambo hilo hilo.

— Kweli kimo kinanisumbua, alisema. Friji halitakiwi kusafirishwa limelala. Ukililaza, oili ya mota inapanda kwenye mabomba. Ukifika kwa mteja ukaliwasha papo hapo, umeliua. Inabidi ulisimamishe, ungoje saa kadhaa itulie.

— Lisimame humo humo ndani, alisema Mama Kahawa.

— Kwenye hii ya faiba, friji kubwa litagonga paa.

— Basi chukua ile ya chuma.

— Ya chuma ni nzito. Na juani itakuwa tanuri.

Wote wakaikodolea macho ile picha ya chuma. Ilikuwa picha ya kawaida, lakini sasa walikuwa wanaiona kama watu waliokuta mnyama mgeni njiani: kila mmoja anataka kujua anakula nini.

— Hilo joto ndilo la kuliangalia, alisema Karani, akiweka kikombe chini. Chuma kikipata jua, hewa ya ndani inapanda juu. Sasa imefungwa, itapanda kwenda wapi? Inaanza kuinua paa. Na paa limefungwa kwenye gari. Kwa hiyo inainua gari.

— Gari linapaa?

— Halipai, linapungua uzito. Utaona mwenyewe, mafuta hayataisha upesi. Ila saa saba mchana usishike breki za ghafla, maana matairi yatakuwa hayajakanyaga vizuri.

Baridi alifungua mdomo. Kazi yake nzima ni joto na hewa. Kama kuna mtu mtaani aliyestahili kumpinga Karani, ni yeye. Lakini akakumbuka kwamba hakuwahi kuipima hewa ndani ya kisanduku cha chuma kilichowekwa juu ya gari, akaufunga mdomo wake, akabaki anajiuliza.

— Dawa ya joto na ya kimo ni moja, alisema Refa. Toboa paa.

— Nitoboe kanopi mpya?

— Tundu la duara, katikati. Friji likiwa refu linatoa kichwa nje kama kobe, na joto linatokea hapo hapo.

— Na mvua?

— Friji limezoea baridi tangu kuzaliwa, maji yatalifanya nini? Tena siku ya mechi, kipa anasimama kwenye hilo tundu na bendera. Wengine kumi wanakaa ndani, wa akiba wananing'inia nyuma.

— Wa akiba ni wangapi? aliuliza Baridi.

— Saba. Lakini wembamba.

Mama Kahawa alikuwa akipuliza jiko. Akainuka, akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

— Mimi sina neno na mpira wenu. Ila Baridi, mwanangu, gunia la mkaa haliingii kwenye hicho kibanda. Na hata likiingia, mkaa unavuta hewa.

— Unavuta?

— Unavuta. Ukiufungia magunia manne asubuhi, mchana unakuta kuta za kanopi zimebonyea kwa ndani, kama mashavu ya mtu anayenyonya chungwa.

— Na ukichanganya na joto la Karani linalosukuma nje? aliuliza Refa.

Walitafakari. Hata Baridi alitafakari.

— Zitalingana, alisema Karani. Lakini hilo si la leo. La leo ni kwamba Jumamosi tunahamisha kabati la binti yangu, na kabati halikunjiki. Kwa maoni yangu kanopi bora ni ile inayovuliwa.

— Hapo umenena, mzee, alisema Refa. Jumamosi ivuliwe. Jumapili ni mechi, ibaki imevuliwa.

— Jumatatu mkaa, alisema Mama Kahawa.

— Jumanne tunarudisha viti tulivyoazima, alisema Karani. Na Jumatano nina mbao kidogo.

— Ijumaa ni mazoezi, Refa akamalizia. Inabaki Alhamisi, Baridi. Alhamisi unaivaa kutwa nzima, hakuna wa kukuuliza.

Baridi alicheka pamoja nao. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni kabla ya chao, akaitazama karatasi tena, na zamu hii hakuona picha hata moja, aliona siku saba za wiki, moja tu ikiwa yake.

Saa nne juu ya alama akatokea mwanamke kijana aliyevaa ovaroli, utepe wa kupimia ukining'inia mkandani, daftari kwapani.

— Shikamooni. Nimetoka karakana ya kanopi. Gari ndilo hili?

— Marahaba, ndilo, walijibu watu watatu.

— Naomba mlango wa bodi ufunguliwe nipime.

Baridi akajipapasa mfuko wa shati, akajipapasa wa suruali. Refa ndiye aliyezitoa funguo mfukoni mwake, akainuka na kwenda kufungua kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake mwenyewe. Hakukuwa na ubaya wowote machoni pake. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Yule dada alichungulia ndani ya bodi. Kulikuwa na vumbi jeusi la mkaa kwenye pembe, unga wa chokaa ya kuchorea kiwanja, soksi moja ndefu ya mchezaji, na mguu wa kiti. Akaandika kitu, akafuta.

— Mnabebea nini humu, ili nijue nipendekeze ipi?

— Mafriji, alisema Baridi. Mimi ni fundi wa mafriji.

— Sawa, kaka. Mara ya mwisho gari hili kubeba friji ilikuwa lini?

Aliuliza kwa nia njema kabisa, kalamu ikiwa tayari, kama anavyoulizwa mtu umri wake.

— Juzi juzi tu, alisema Karani. Lile jeupe.

— Ule ulikuwa mlango wa choo wa shemeji yako, alisema Mama Kahawa.

— Basi kabla ya msiba wa jirani.

— Kabla ya msiba lilikuwa kwetu, alisema Refa. Kwenye ligi.

Kila mmoja alirudi nyuma kichwani, wiki baada ya wiki, na kila alipofika alikuta gari limejaa kitu chake. Baridi ndiye aliyerudi mbali kuliko wote. Alijiona amepanda bodaboda, mkoba wa vifaa mapajani, akienda kutengenezea mafriji majumbani mwa wateja kwa sababu gari halipo. Aliwaona wateja waliomwambia waziwazi, fundi, huna usafiri, tumempa mwingine. Alikuwa akidhani ni bahati mbaya.

— Sikumbuki, dada yangu, alisema mwishowe.

Mpimaji hakucheka. Alifungua ukurasa mpya wa daftari.

— Niandikie hiyo ya faiba, Baridi akasema. Ya usawa wa kichwa. Na kufuli nzuri.

— Na friji refu je? aliuliza Karani, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

— Friji refu nitalitafutia njia siku nitakapolibeba, mzee wangu. Kwanza nilibebe.

Akamsogelea Refa, akanyoosha kiganja. Refa alikitazama kile kiganja muda kidogo kabla hajaelewa, kisha akaziweka funguo pale.

— Kabati la binti yako nitalipeleka leo jioni, mzee, kabla hawajaifunga kanopi. Hilo niliahidi.

Karani akatikisa kichwa kukubali.

— Kaka, naomba unishikie huku, alisema mpimaji, akimpa ncha ya utepe. Baridi akapanda juu ya bodi la gari lake, akachuchumaa kwenye vumbi la mkaa, akaibana ile ncha kwa kidole gumba hadi ukingoni kabisa, huku yule dada akirudi nyuma hatua kwa hatua akisoma urefu kwa sauti.