Sisimizi Mwenye Kope Ndefu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena kwa ajili ya wale wanaohangaika na watoto pale mlangoni.

Nakiri mbele yenu: nililia kwa sababu ya sisimizi. Tena wa katuni, mwenye kope ndefu kuliko zangu. Miaka mingi nimekana. Mara ya kwanza tulipoitazama filamu ile, binti yetu akiwa mdogo, mume wangu aliniona nikifuta macho. Nikasema ni vitunguu.

"Vitunguu, Mama Neema? Hapa sebuleni?"

Nikamwambia filamu za watoto hazina kina. Sisi tuliosoma chuo kikuu hatukosi jibu.

Filamu yenyewe inahusu sisimizi wawili, mtu na mdogo wake. Mkubwa anakula punje iliyowekwa kwa ajili ya bibi mgonjwa, mdogo analaumiwa na kufukuzwa, na mkubwa ananyamaza. Ndugu zangu, yule mkubwa ni mimi!

Tulipokuwa wasichana kule Kaloleni, mvua ilinyesha na mama akakaanga kumbikumbi, akawatia chumvi, akawaweka kwenye chungu kuwasubiri wageni waliokuja kumposa shangazi. Nilionja mmoja. Nani aliwahi kuonja kumbikumbi mmoja? Wageni walipoketi, chungu kilikuwa na chumvi na mbawa mbili, na aliyekutwa karibu nacho alikuwa mdogo wangu Kadzo. Alichapwa. Mimi nilikuwa chumbani nikisoma Biblia kwa sauti kubwa.

Tangu siku hiyo ukoo mzima ulimwita Chungu cha Wageni. Wakamwita hivyo hata harusini kwake! Krismasi iliyopita, mbele ya wakwe zake, mjomba akapaza sauti: "Funikeni sahani, Chungu cha Wageni kafika!" Watu wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Kadzo alichukua mkoba wake akaondoka. Hakukanyaga tena nyumbani, wala hakunipigia simu. Nami sikumpigia. Ningesema nini?

Basi mwezi uliopita akina mama wa kanisa letu hapa Muyeye walinipa kazi ya kuwaonyesha filamu watoto wa shule ya Jumapili, eti kwa kuwa nimesoma. Nilisomea fasihi, jamani! Mashine ilinishinda, ikawashwa na mama anayetuuzia maandazi. Picha ilipotokea ukutani, ni sisimizi wale wale.

Nilijikaza. Lakini yule mdogo alipobeba kifurushi chake akaanza kuondoka, msichana mmoja wa mbele akasimama. "Si yeye! Mkubwa ndiye kala! Mbona hasemi?" Ukumbi mzima ukaitikia, "Sema! Sema! Sema!" Nimewasikia wahubiri wengi, ndugu zangu, ila hakuna aliyewahi kunihubiria hivyo. Nililia mpaka mama wa maandazi akanipa leso yake, yenye unga, nikatoka nje na uso mweupe kama mzimu.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia mimi na elimu yangu. Nawe uliyenyamazia chungu chako, mtegemee yeye. Atakushika mkono, kama alivyoushika wangu nilipobonyeza jina la Kadzo.

"Kadzo, wale kumbikumbi niliwala mimi."

Kisha akauliza, "Wote?"

"Wote. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilijua, dada. Si ulihara siku mbili? Mimi niliyekula fimbo nililala salama."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Nikamsikia akipenga kamasi. "Jumapili nakuja nyumbani, na wakwe zangu nawaleta. Utayasema hayo mbele ya mjomba, umesimama. Na kuanzia siku hiyo Chungu cha Wageni ni wewe."

Nikamwambia nitaitika.